Sosi ya Matunda kwa Nyama ya Kubanika: Nyama Iive Kwanza, Sosi Ifuate

Sikukuu inapokaribia, iwe ni tarehe 1 Julai, siku ya kukumbuka uhuru wa Burundi uliopatikana mwaka 1962, iwe ni harusi ya jirani, au ni siku ambayo askari anarejea nyumbani kwa likizo, kuna chakula ambacho aghalabu hakikosekani katika familia za Giheta, Gitega na hata kule Muyinga. Chakula hicho ni nyama ya kubanika. Mbuzi huchinjwa, makaa huwashwa, vijiti huchongwa, na watoto husogea karibu na jiko wakingoja mshikaki wa kwanza.

Siku hizi, pembeni mwa sinia ya mishikaki, au brosheti kama wengi wetu tunavyoiita, huwekwa pia chupa ya sosi iliyonunuliwa dukani. Hatusemi kwamba sosi hiyo ni mbaya. Tunasema tu kwamba mama wa nyumbani akisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, mara nyingi atakuta mambo manne: nyanya, sukari, siki na chumvi. Nyanya zinalimwa vilimani kwetu. Siki na chumvi zipo katika kila duka. Na utamu tunao tele katika matunda, ambayo mengi huoza jikoni kwa kukosa mlaji wakati wa msimu. Kwa nini basi mshahara wa askari, ambao una kazi nyingi za kufanya kabla ya mwisho wa mwezi, uende katika chupa iliyosafirishwa kutoka mbali?

Leo tutaeleza namna ya kupika sosi ya matunda kwa ajili ya nyama ya kubanika. Lakini pamoja na mapishi, tunalo neno zito zaidi. Sosi tamu huipa nyama rangi nzuri ya kahawia upesi sana, hata kabla nyama yenyewe haijaiva ndani. Mpishi asiyelijua jambo hilo huweza kuwalisha wanawe nyama mbichi iliyovaa vazi la nyama iliyoiva. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wasikate mapishi peke yake na kuacha sehemu ya pili ya makala haya.

SI JAMBO GENI KWETU

Wako watakaosema kwamba kula nyama pamoja na matunda ni desturi ya kigeni. Sivyo. Katika pwani ya Waswahili, tangu Zanzibar hadi Mombasa, mishikaki huliwa pamoja na rojo la ukwaju lililotiwa pilipili, na achari ya embe haikosekani mezani. Ukwaju ni tunda, na embe ni tunda. Ukali wake hukata mafuta ya nyama na kuufanya ulimi utamani kipande kingine. Askari wa Burundi waliotumikia Somalia kuanzia Desemba 2007 waliwaona wenyeji wakila ndizi mbivu pamoja na wali na nyama katika sahani moja. Huko Marekani, ambako sosi za chupani za namna hii zina wapenzi wengi, watu wa majimbo ya kusini huchanganya siki, nyanya na sukari, na wengine hutia pichi au nanasi.

Siri ni ile ile kila mahali. Nyama yenye mafuta na moshi hutaka vitu vitatu: ukali, utamu na pilipili. Mwenye kuelewa hayo hahitaji kufuata mapishi ya mtu mwingine neno kwa neno. Huangalia nini kilichopo sokoni siku ile, akapima mwenyewe.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Vipimo hivi vyatosha kwa kilo 2 za nyama, yaani watu 6 hadi 8. Kikombe tunachokitumia ni cha robo lita.

Nanasi 1 la wastani, lililoiva vizuri.
Marakuja 8.
Nyanya 4 kubwa, mbivu.
Vitunguu maji 2.
Punje 4 za kitunguu saumu.
Kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba.
Pilipili kali 1, au zaidi kwa wapendao.
Siki nusu kikombe. Ikikosekana, tumia maji ya ndimu 4.
Sukari vijiko 3 vya chakula, au asali kiasi hicho hicho.
Chumvi kijiko 1 cha chai.
Karafuu 2 na kijiti kidogo cha mdalasini.
Mafuta vijiko 2 vya chakula. Mafuta ya mawese kutoka nyanda za Imbo yanafaa sana, kwa kuwa huongeza rangi na ladha.

Sukari, kama tunavyojua, ina tabia ya kuadimika. Hata hapa Burundi, ambako kiwanda cha SOSUMO kinatengeneza sukari katika eneo la Moso, familia nyingi zimewahi kuzunguka maduka bila kuipata. Basi ikiadimika, usiache kupika. Ongeza ndizi moja mbivu iliyopondwa, na upunguze sukari hadi kijiko kimoja au uiache kabisa. Sosi itakuwa nzito zaidi, na pengine tamu kuliko ile ya kwanza.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, menya nanasi, ondoa macho yake na kiini kigumu, kisha ulikate vipande vidogo vidogo. Kata marakuja katikati, kamua ndani yake juu ya chujio, na usugue kwa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Mbegu zitupwe, maji yahifadhiwe.

Pili, chovya nyanya katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika, zimenye maganda, uzikate. Katakata vitunguu. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili pamoja katika kinu kidogo.

Tatu, tia mafuta katika sufuria, kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vilegee na kuanza kugeuka rangi. Usiharakishe hapa, kwa sababu utamu wa kitunguu hutoka polepole. Tia vile vilivyotwangwa, koroga kwa dakika moja, kisha tia nyanya na nanasi.

Nne, nyanya zikishalainika, mimina maji ya marakuja, siki, sukari, chumvi, karafuu na mdalasini. Acha ichemke kwa moto mdogo, bila kufunika, kwa muda wa dakika 40 hadi 50, huku ukikoroga mara kwa mara ili isishike chini. Msomaji aliyeko Bujumbura, kando ya ziwa, ataona sosi yake ikiiva mapema kidogo kuliko yetu. Sababu ni kwamba Gitega na Giheta ziko kwenye mwinuko unaozidi meta 1,500, na huku juu maji huchemka kwenye joto la nyuzi 95 hivi za sentigredi badala ya 100. Chakula cha kuchemsha huchukua muda mrefu zaidi milimani. Hilo si kosa la mpishi wala la kuni.

Tano, ondoa karafuu na mdalasini, kisha uponde sosi kwa mwiko au uipitishe kwenye chujio ili iwe laini. Irudishe motoni kwa dakika 10. Kujua kama imefikia uzito unaofaa, dondosha kidogo juu ya sahani baridi na upitishe kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi, sosi imekwisha. Ikijifunga, iache ichemke tena.

Onja wakati huo. Ikiwa kali mno, ongeza sukari au asali kidogo. Ikiwa tamu mno, ongeza siki. Ikionekana imepooza, mara nyingi kilichopungua ni chumvi. Lakini yule ambaye mganga amemwambia apunguze chumvi kwa ajili ya msukumo wa damu, aiache kama ilivyo na aongeze ndimu. Ukali wa ndimu humsaidia mtu asiukumbuke upungufu wa chumvi.

Tumia sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na ukali wa siki na matunda, na sosi ikilala humo hupata ladha ya bati.

MATUNDA MENGINE

Nanasi na marakuja si sheria. Mwishoni mwa mwaka, maembe yanapojaa sokoni, embe mbili kubwa zatosha kushika nafasi ya nanasi. Mapera yaliyoiva hutoa sosi nzito yenye harufu nzuri, ila lazima yachujwe kwa sababu ya mbegu zake. Matunda damu, ambayo wengine huyaita magogwe, yale mekundu yenye umbo la yai, yanafaa kuliko yote kwa mtu apendaye ukali. Humenywa kama nyanya, na huweza kushika nafasi ya nyanya zote. Msomaji wa Muyinga akipata ukwaju unaoletwa na wafanyabiashara kutoka Tanzania kupitia Kobero, na aloweke kiganja kimoja katika maji ya moto, achuje, atie badala ya siki.

Papai na ndizi ni matunda mazuri, lakini hayana ukali. Sosi ya papai au ndizi bila siki au ndimu ya kutosha huharibika upesi, na pia haipendezi kwa nyama. Kwa hiyo nusu kikombe cha siki kisipunguzwe mahali hapo.

Nanasi bichi na papai bichi vina kazi nyingine pia. Maji yake yana kitu kinacholainisha nyama. Mbuzi aliyezeeka, ambaye nyama yake huwashinda wazee wenye meno machache, apakwe maji ya nanasi bichi kwa nusu saa kabla ya kutungwa kwenye vijiti. Isizidi hapo, kwa maana nyama ikilala humo usiku kucha hugeuka kuwa uji. Nanasi likishachemshwa nguvu hiyo hufa. Basi sosi yetu hailainishi nyama, huipa ladha tu.

NYAMA KWANZA, SOSI BAADAYE

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize kwa makini.

Sukari huungua upesi, na sukari ya matunda na ya asali huungua mapema zaidi kuliko ile ya dukani. Ukipaka sosi juu ya nyama mbichi na kuiweka kwenye makaa makali, katika dakika chache utaona rangi ya kahawia inayong'aa, na pembe za vipande zikiwa nyeusi. Macho yatasema nyama imeiva. Wageni watasema wana njaa. Mshikaki utaondolewa motoni, na ndani yake utakuta nyama nyekundu yenye ubaridi.

Utaratibu ulio sawa ni huu. Nyama itiwe chumvi, kitunguu saumu na ndimu tu, ikatwe vipande vinavyolingana, vyenye ukubwa usiozidi sanduku la kiberiti, ili vyote viive pamoja. Makaa yaachwe mpaka yafunikwe na jivu jeupe. Mishikaki ibanikwe bila sosi, ikigeuzwa mara kwa mara, mpaka iive kabisa. Hapo ndipo sosi ipakwe, upande huu na upande ule, na mishikaki irudishwe kwenye moto mdogo kwa dakika 3 hadi 5 tu, ili sosi ishike na kung'aa. Sosi nyingine iwekwe mezani, kila mtu achovye apendavyo.

Utajuaje kwamba nyama imeiva kabla ya kuipaka? Chagua kipande kinene kuliko vyote, kilicho katikati ya kijiti, ukikate. Ndani pasiwe na wekundu, na maji yanayotoka yawe meupe, si ya damu. Kwa kuku, angalia karibu na mfupa. Ni afadhali kuharibu sura ya mshikaki mmoja kuliko kuharibu tumbo la mtoto.

Tena, gawa sosi katika bakuli mbili. Ya kwanza ni ya kupakia. Brashi, au jani la kitunguu litumikalo kama brashi, linalogusa nyama motoni lisiingie katika bakuli la pili, ambalo ni la mezani. Vile vile sinia iliyobeba nyama mbichi isipokee nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

KUHUSU NYAMA YA NGURUWE

Katika familia zinazokula nyama ya nguruwe, neno hili lina uzito zaidi. Nguruwe aliyekula kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata vivimbe vidogo vyeupe ndani ya nyama yake, mithili ya punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua ndani ya utumbo wake. Lakini madhara hayaishii hapo. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo, na kwa njia ya mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa huingia katika kinywa cha mtu mwingine, hata ambaye hajapata kuonja nguruwe maishani mwake. Mayai hayo huweza kufanya vivimbe ndani ya ubongo, na mtu akaanza kuanguka kifafa.

Jambo hili si la kubahatisha. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ugonjwa huo wa vivimbe ni sababu mojawapo kubwa ya kifafa katika eneo hilo. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kifafa ni uchawi au laana, na kumbe kwa baadhi ya wagonjwa safari ilianzia katika nyama isiyoiva na choo kisichochimbwa.

Basi nyama ya nguruwe inunuliwe pale ilipokaguliwa na bwana mifugo. Ikionekana na punje nyeupe, isiliwe, hata kama muuzaji amepunguza bei. Ipikwe mpaka iive hadi ndani, bila kubaki na wekundu popote. Sosi nzuri, siki, pilipili wala ndimu haviui vivimbe hivyo. Kinachoua ni moto ulioingia hadi katikati ya kipande. Na kila kaya iwe na choo, nguruwe wafungiwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Mama akiyashika haya analinda nyumba yake na nyumba ya jirani pia.

KUHIFADHI SOSI

Mwenye jokofu aweka sosi katika chupa za kioo zenye vifuniko, na ataitumia kwa muda wa wiki mbili. Chupa na vifuniko vioshwe kwa sabuni, kisha chupa zichemshwe ndani ya maji. Kule chini ziwani muda mfupi kidogo ungetosha, lakini kwetu milimani zichemshwe kwa robo saa kamili, kwa sababu ile ile tuliyoitaja ya maji kuchemka kwa joto dogo. Sosi imiminwe ikiwa ya moto ndani ya chupa zilizo za moto bado, ili kioo kisipasuke. Chagua chupa ndogo kuliko kubwa, ili kila inayofunguliwa iishe mapema.

Asiye na jokofu, na hao ndio wengi, apike sosi ya sikukuu asubuhi ya siku yenyewe au jioni ya jana yake, kwa nusu ya vipimo tulivyotaja. Ikibaki, ichemshwe tena siku ya pili na imalizwe pamoja na maharage, viazi au ndizi za kuchemsha. Isiwekwe dirishani kwa majuma kwa kudhani kwamba siki italinda kila kitu. Vitunguu na kitunguu saumu havina ukali, na vikifungiwa ndani ya chupa bila hewa, bila siki ya kutosha, vinaweza kuzaa sumu ambayo haina harufu wala ladha. Chupa iliyovimba kifuniko, inayotoa povu au kufuka ikifunguliwa, itupwe yote bila kuonjwa. Na kwa kuwa sumu hiyo huweza kuwamo bila dalili yoyote, muda tuliotaja uheshimiwe hata kama sosi inaonekana nzima.

Askari anayerudi kambini huomba kufungiwa chakula cha nyumbani. Ni ombi la haki, lakini sosi hii si ya kusafirishwa siku nyingi juani. Mpe badala yake vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Nanasi, nyanya na pilipili hupatikana karibu kila soko, na wenzake wa kombania watafurahi kujua kwamba mikono inayoshika bunduki yaweza kushika mwiko pia.

Ndugu wasomaji, mwenye kupika kwa matunda yake mwenyewe hupata faida mbili: fedha hubaki nyumbani, na anajua kilichomo ndani ya bakuli. Faida ya tatu, ambayo ni afya, haiji na sosi. Huletwa na mpishi mwenye subira, anayekata kipande kinene na kukitazama ndani kabla ya kusema, "Karibuni."